Sekondari ya Kibiti ni ya Nani? Shule Kubwa ya Mjini na Watoto wa Delta

Kila yanapotoka majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, swali moja hurudi barazani na kwenye mikutano ya vijiji wilayani Kibiti: shule hii ni ya nani? Sekondari ya Kibiti iko mjini kwetu, wanasema watu, imebeba jina letu, lakini mwezi Julai wanaoteremka na matranka na magodoro wametoka mikoa ya mbali. Mtoto wa Mbuchi, wa Msala au wa Kiongoroni, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, amepangiwa shule ya kata, na mara nyingine hata hiyo ya kata iko ng'ambo ya maji.

Majibu yanayotolewa yanapingana. Yuko anayetaka shule kubwa ipanuliwe na wenyeji wapewe nafasi zao. Yuko anayesema kila kata ijengewe yake, basi. Mwingine anadai hosteli. Mwingine anaona shule ya kata ipandishwe hadhi ifike kidato cha sita, mambo yaishe. Ndani ya mabishano hayo kuna mkanganyiko wa maneno: watu wanasema "bweni" wakimaanisha hosteli, wanasema "elimu bila malipo" wakidhani chakula kimo, wanasema "shule ya wilaya" wakati hakuna daraja la namna hiyo kwenye utaratibu wetu wa uchaguzi. Kabla ya kuchagua upande, yafaa tufungue fundo hili uzi kwa uzi.

Tulifikaje hapa

Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, sekondari ya serikali haikuhesabiwa kuwa mali ya kijiji wala ya mkoa. Ilikuwa ya taifa. Kijana wa Pwani alipelekwa Kanda ya Ziwa, wa Ziwa akaletwa Pwani, walale bweni moja, walime shamba moja, watoke wakiwa Watanzania. Shule kongwe za bweni za serikali, Kibiti ikiwamo, zilikua ndani ya fikra hiyo. Matunda yake hayana ubishi: nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilipata tabaka la walimu, madaktari na maofisa waliojuana tangu ujanani.

Fikra hiyo nzuri iliendeshwa kwa nafasi haba. Msukumo wa miaka ya 1970 ulikuwa elimu ya msingi kwa wote, na sekondari ikaachwa kuwa ya wachache, kiasi kwamba kwa miaka mingi waliovuka kwenda sekondari za serikali hawakufika hata mmoja kati ya kumi wa waliomaliza darasa la saba. Pale ambapo nafasi ni chache na mtihani ndio mlango, watoto wa sehemu zenye shule dhaifu za msingi hubaki nje. Delta ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo.

Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004, ukafuatiwa na kampeni ya shule za kata. Mwaka 2005 Tanzania ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Wanafunzi waliongezeka kutoka laki tano na ushei hadi zaidi ya milioni 1.6. Hakuna kipindi kingine katika historia ya nchi hii ambapo mlango wa sekondari ulifunguka kwa kasi hiyo. Kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ya shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni ikafutwa, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita nao wakaondolewa ada. Fedha za mwaka 2021 zilizoletwa kukabili athari za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, ukalenga sekondari mpya 1,000 na shule ya wasichana kwa kila mkoa.

Basi tuna matabaka mawili ya shule zilizojengwa kwa shabaha mbili. Shule kongwe ya bweni ina shabaha ya taifa, na shule ya kata ina shabaha ya ujirani. Anayeuliza "Sekondari ya Kibiti ni ya nani?" anaipima shule ya tabaka la kwanza kwa kipimo cha tabaka la pili.

Nchi ya maji na vilima

Pwani ya Rufiji ina historia yake ya makazi, na bila kuijua hakuna uchambuzi wa shule utakaosimama. Baada ya mafuriko makubwa, kuanzia mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kutoka kingo za mto kwenda kwenye ardhi ya juu. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za vijiji nchini. Shule, zahanati na barabara zikafuata watu walikohamishiwa. Mashamba ya mpunga hayakuhama. Yalibaki bondeni, kwenye udongo unaorutubishwa na gharika.

Ndiyo maana mpaka leo msimu wa mpunga familia hushuka shamba na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kuukwepa unyevu na wanyama. Mpunga ukianza kutia mbegu, ndege huja kwa makundi alfajiri, na kazi ya kuamia ndege ni ya watoto. Mwalimu anayeita majina darasani akiwa kwenye kilima anasikia ukimya pale kwenye jina la mtoto aliye shambani, na ukimya huo unaweza kudumu wiki kadhaa. Wanaouita uzembe wa wazazi hawajawahi kuhesabu magunia mangapi ya chakula cha mwaka hutegemea wiki hizo.

Delta yenyewe ni jambo jingine tena. Hapa mto unagawanyika mikono mingi kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, na katikati ya mikono hiyo kuna msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote uliokaa pamoja Afrika Mashariki. Watu wanaishi humo: wanavua kamba na samaki, wanalima mpunga, wanapanda minazi. Hakuna barabara. Kuna boti, mashua na mtumbwi.

Na hapa ndipo kilomita hudanganya. Kwenye ramani kijiji na shule vinaweza kutenganishwa na umbali ambao mtoto wa bara angeutembea akiimba. Lakini maji yanapokupwa, mkono wa mto unabaki tope na mizizi ya mikoko, na chombo hakipiti. Maji yakijaa, kinapita. Kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kama dakika 50 kuliko jana, hivyo chombo kilichompitisha mwanafunzi saa 12 asubuhi Jumatatu kitampitisha karibu saa 2 na nusu siku ya Alhamisi. Kengele ya shule haisogei pamoja na maji. Shule ya kutwa, kwa maana ya mtoto kwenda asubuhi na kurudi jioni, haiwezekani kwa anayetegemea kuvuka mkono wa delta, hata awe na bidii kiasi gani.

Ukweli huo mmoja, kwa maoni yangu, ndio unaopaswa kutawala mjadala mzima. Kwa bahati mbaya ndio unaotajwa kwa nadra zaidi, kwa sababu mipango ya elimu huandikwa kwa kata na kwa kilomita.

Hoja ya shule kubwa

Wanaotaka nguvu ziwekwe kwenye shule kubwa ya mjini wana hoja nzito, na hawastahili kupuuzwa kwa kuitwa watu wa mjini. Sekondari inahitaji mwalimu wa fizikia, wa kemia, wa hisabati, wa baiolojia, iwe na wanafunzi 150 au 1,000. Inahitaji maabara yenye vifaa na maji safi. Kwenye shule kubwa mwalimu mmoja wa fizikia anahudumia mikondo kadhaa. Kwenye shule ndogo anafundisha vipindi vichache, au, kama ilivyo zaidi, hayupo kabisa. Kwa kidato cha tano na sita hoja hii inakuwa kali zaidi. Tangu mwaka 2024 taifa lina tahasusi, yaani michepuo ya masomo, 65, kati yake 49 zikiwa mpya. Shule ndogo haiwezi kubeba hata tano kwa ufanisi.

Kibiti pia iko mahali pazuri. Iko kwenye barabara ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, barabara iliyobadilika sura baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mto Rufiji mwaka 2003. Mwalimu anayepangiwa Kibiti mjini ana umeme, mtandao, soko na basi la kumrudisha nyumbani likizo. Hili si jambo dogo katika wilaya ambayo mwaka 2017 jina lake lilisikika nchi nzima kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Utulivu umerejea, na shule yenye walimu wa kutosha ni sehemu ya kuufanya utulivu uwe wa kudumu.

Udhaifu wake ni kwamba ukubwa wa shule haumfikii aliye mbali. Ukiongeza madarasa kumi mjini bila vitanda, umewaongezea nafasi watoto wa mjini na wa vitongoji vyake. Ukiongeza vitanda chini ya utaratibu wa uchaguzi wa kitaifa, vitajazwa na waliopangiwa kutoka nchi nzima. Vyovyote vile, mtoto wa Maparoni yuko palepale.

Wengine wanajibu: basi shule igeuzwe ya wenyeji, kama ilivyo Marekani, ambako sekondari ya umma ya kitongoji huendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi za majengo za eneo lake na huchukua watoto wa eneo hilo. Mfano huo tuutazame pande zote mbili. Kitongoji tajiri hupata shule tajiri, na kitongoji maskini kinajilisha umaskini wake. Kibiti si kitongoji tajiri. Shule inayolipiwa na Hazina ya taifa haiwezi kudaiwa kuwa ya wilaya peke yake. Tena wilaya ikifunga mlango wake, nyingine zitafunga yao, na vijana wa Kibiti wanaopangiwa Tabora, Iringa au Kilimanjaro watapoteza zaidi ya watakachopata.

Hoja ya shule za kata

Upande wa pili unasema mtoto asomee nyumbani. Anakula kwa mama yake, analala kwao, msimu wa mpunga anasaidia mwisho wa wiki, na msichana hatazamwi na macho ya mtaa wa ugenini. Takwimu za 2005 hadi 2010 nilizotaja ni ushahidi kwamba ukaribu unaingiza watoto shuleni. Bila shule za kata, sehemu kubwa ya vijana wa wilaya hii wenye cheti cha kidato cha nne leo wasingekuwa nacho.

Lakini kuingia shuleni ni jambo moja na kujifunza ni jingine. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla hayajapangwa upya, yaliwafumbua macho hata waliokuwa wamelala. Majengo yalitangulia, walimu wakachelewa. Na ndani ya delta walimu wanachelewa zaidi ya kwingine. Anayepangiwa kisiwani anakuta nyumba ya kupanga hakuna, maji ya kunywa ni ya kutafutwa kwa kuwa ya mto yana chumvi, mshahara anaufuata kwa boti, na akiugua usiku wakati maji yamekupwa anangoja. Akiomba uhamisho mwaka wa pili, nani amlaumu? Nyumba ya mwalimu kwenye kata za delta ina thamani kuliko chumba cha tano cha darasa, na bado bajeti zetu hupenda madarasa kwa sababu madarasa huonekana kwenye picha za uzinduzi.

Liko pia suala la mpaka. Kata ya delta ni visiwa kadhaa na mikono ya maji katikati. Shule ikijengwa kisiwa kimoja, wa kisiwa cha pili "wana shule ya kata yao" kwenye karatasi tu. Na mto haujali karatasi: Aprili 2024, mvua za El Niño na wingi wa maji kutoka juu ya mto vilipoleta mafuriko Rufiji na Kibiti, makazi, mashamba na shule vilizingirwa, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikapita pwani hiihii. Jengo la kudumu bondeni lina gharama ambayo mchoro wa kawaida wa TAMISEMI haukuihesabu.

Hosteli, bweni na geto

Katikati ya pande hizo mbili kuna njia ya tatu, na humu ndimo mkanganyiko wa maneno unapowaumiza watu kweli.

Shule ya bweni ni ile iliyosajiliwa kuwa ya bweni. Serikali huilipia chakula cha wanafunzi. Hosteli ni jengo la kulala kwenye shule ambayo kwa usajili ni ya kutwa. Chakula chake ni juu ya wazazi, kwa michango wanayokubaliana: madebe kadhaa ya mchele au unga, maharage, mafuta, fedha ya kuni na ya mpishi. Mzazi aliyesikia redioni kwamba elimu haina malipo anapokabidhiwa orodha hiyo huona ametapeliwa. Mkuu wa shule naye, anayelisha watoto kwa michango isiyofika, huonekana mla rushwa. Wote wawili ni wakweli. Waraka umefuta ada. Chakula cha hosteli haukukigusa.

Hosteli ikishindikana, hubaki geto. Wanafunzi wawili au watatu wanapanga chumba karibu na shule, wananunua jiko la mkaa, wanapika ugali usiku kwa mwanga wa simu. Hakuna matroni wala mlinzi. Kwa msichana wa miaka 14 aliyetoka kisiwani, geto ni hatari inayojulikana na kila mtu mtaani, na wazazi wengi huamua heri abaki nyumbani. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni, uamuzi wa haki kabisa; lakini mlango wa kurudi hauondoi sababu ya kutoka.

Nguvu ya hosteli ni kwamba inakubali ukweli wa maji: mtoto avuke mara moja mwanzo wa muhula, arudi mwisho wake. Udhaifu ni mfuko wa mzazi. Mvuvi wa kamba ana fedha msimu wa kamba. Mkulima ana mpunga baada ya mavuno. Muhula unapoanza Januari, wote wawili hawana kitu. Hosteli iliyojengwa kwa mamilioni inaweza kukaa nusu tupu kwa sababu ya magunia.

Kwamba malazi mazuri yanawezekana kwenye lango la delta, ushahidi upo. Nyamisati, bandari ya kwenda Mafia, kuna sekondari ya wasichana ya WAMA-Nakayama, iliyoanza mwaka 2010 kwa juhudi za taasisi ya WAMA na msaada wa Wajapani, ikiwalenga wasichana yatima na wa mazingira magumu. Ilikuwa na vitanda, chakula na uangalizi kwa sababu kulikuwa na mfadhili. Nayo haikujengwa kwa ajili ya watoto wa delta peke yao. Funzo lake ni kwamba mahali si kikwazo. Kikwazo ni nani analipa chakula.

Kupandisha hadhi: faida yenye makali mawili

Madai yanayopigiwa makofi zaidi mikutanoni ni kuipandisha hadhi shule ya kata iwe na kidato cha tano na sita. Huleta heshima, walimu wenye shahada na maabara zilizokamilika, na wanafunzi wa kidato cha kwanza hufaidi vyote hivyo.

Ila kidato cha tano kinapangwa kitaifa na wanafunzi wake lazima walale. Shule yenye jengo moja la kulala ikipandishwa hadhi, kitanda kinakwenda kwa aliyetoka mbali, na msichana wa ng'ambo aliyekuwa amelala hapo anarudi geto. Kenya imepitia jambo kama hili: shule za mkoa zilizopandishwa daraja kuwa za kitaifa zilizua manung'uniko ya wenyeji kwamba nafasi zao zimekwenda na hadhi mpya. Anayedai kupandishwa hadhi adai kwanza jengo la pili la kulala.

Kupima uzito

Nikizipima hoja hizi zote kwa mizani ya yule mtoto anayesubiri maji yajae, nafika mahali ambapo wengi hawatafurahi.

Sekondari ya Kibiti ibaki ya taifa kwa kidato cha tano na sita. Ipanuliwe, iongezewe tahasusi, isigeuzwe ya wenyeji. Mwenyeji atafika hapo kwa kufaulu kidato cha nne, na swali la haki ni kama amepewa nafasi ya kufaulu. Kazi ya haki iko kidato cha kwanza hadi cha nne.

Huko chini, delta haitaokolewa na kuongeza shule katika kila kisiwa. Zilizopo zilindwe, zipewe nyumba za walimu na matangi ya kuvunia maji ya mvua, ziwahudumie wanaoweza kuzifikia kwa miguu. Kwa wanaolazimika kuvuka, liwepo bweni lililosajiliwa kuwa bweni, kwenye ardhi ya juu ukingoni mwa delta, lenye nafasi zilizotengwa kwa ajili ya kata za delta na chakula kinacholipwa na serikali. Ni ghali kuliko hosteli ya michango, sikatai. Ila ulinganisho wa haki ni na gharama ya shule ndogo nyingi zisizo na mwalimu wa hisabati, zinazohesabiwa kuwa "ukaribu". Na litawatenga watoto na dungu na nyavu za wazazi wao kwa miezi, hasara ambayo familia za huku zitaisikia kwelikweli. Kwa hiyo ratiba ya likizo ya bweni hilo ipangwe kwa kuangalia mavuno ya mpunga.

Sababu ya kutosubiri ni sera yenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Jambo likiwa la lazima kwa mtoto, njia ya kulifikia haiwezi kuwa hiari ya mfuko wa baba yake. Na kwa mpangilio wa mtaala mpya, wanaomaliza darasa la sita na wanaomaliza darasa la saba wataingia kidato cha kwanza pamoja, mikupuo miwili kwa mara moja, Januari 2028.

Madiwani na watendaji wa halmashauri ya Kibiti wana bajeti chache mkononi kabla ya mwezi huo. Fungu la kwanza liwe la vitanda vya delta.